Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara: Kompyuta, Wi-Fi na Intaneti

Maneno ya kompyuta na mtandao hutufikia yakiwa yamechanganywa. Mtu akisema Wi-Fi anamaanisha intaneti. Akisema kompyuta imejaa, haijulikani kama ni RAM (kumbukumbu ya muda) au diski (hifadhi ya kudumu). Akisema mtandao uko chini, huenda ni kebo tu iliyochomoka nyuma ya ruta, kile kifaa kinachogawa mtandao ndani. Hasara yake huonekana mfukoni: watu hulipia kasi kubwa zaidi ya intaneti kumbe tatizo lilikuwa ukuta mmoja wa zege, au hununua ruta mpya kumbe hitilafu iko kwa mtoa huduma. Majibu yaliyopo hapa yanatenganisha vitu hivyo kimoja kimoja, ili kitu kikiharibika ujue pa kuangalia.

Wi-Fi imeshika na alama zimejaa, lakini hakuna kinachofunguka. Inawezekanaje?

Inawezekana kabisa, na hili ndilo swali la kulielewa kabla ya mengine yote. Wi-Fi ni kiungo cha redio kati ya kifaa chako na ruta, na kinaishia hapo. Alama za mawimbi zilizo juu ya skrini hupima jinsi simu inavyoisikia ruta. Hazina habari yoyote ya kinachoendelea ng'ambo ya ruta. Madamu ruta ina umeme, itaendelea kurusha mawimbi mazuri hata kama kebo ya mtoa huduma imekatwa barabarani.

Data hupita vipande kadhaa vya njia. Kipande cha kwanza ni redio, kutoka kwenye kifaa hadi kwenye ruta. Cha pili hutoka kwenye ruta hadi kwa mtoa huduma, kwa faiba, waya wa shaba, mnara wa simu au setilaiti. Kisha kuna safari ya kutoka kwa mtoa huduma kupitia mitandao mingine mingi hadi kwenye seva, yaani kompyuta ya mbali yenye kile unachokitafuta. Kipande chochote kikikatika, dalili kwenye skrini ni ileile: inazunguka tu.

Kubaini kilichokatika hakuhitaji fundi. Fungua kivinjari uandike anwani ya ruta, ambayo mara nyingi ni 192.168.1.1 au 192.168.0.1 na aghalabu hubandikwa chini ya ruta yenyewe. Ukurasa wa mipangilio ya ruta ukifunguka, Wi-Fi yako ni nzima na tatizo liko mbele yake. Hapo ndipo pa kumpigia mtoa huduma. Usipofunguka, tatizo liko ndani, kati yako na ruta. Na kama tovuti moja tu ndiyo imegoma huku nyingine zikifunguka, basi seva ya tovuti hiyo ndiyo inayosumbua, nawe huna la kurekebisha upande wako.

Ruta na modemu ni kitu kimoja?

Hapana, ingawa siku hizi mara nyingi hukaa ndani ya boksi moja. Modemu huzungumza na njia ya mtoa huduma: hupokea ishara kutoka kwenye waya wa shaba au mnara wa simu na kuzigeuza kuwa data inayoeleweka na vifaa vya ndani. Kwenye faiba, kazi ya kubadilisha mwanga kuwa umeme hufanywa na kifaa kinachoitwa ONT. Ruta husimama mpakani, kati ya mtandao wako wa ndani na mtandao wa mtoa huduma, ikiamua kila pakiti, yaani kipande kidogo cha data inayosafiri, iende upande gani. Swichi huongeza tu matundu ya kuchomekea kebo. Antena na redio ya Wi-Fi ni kitu cha nne, nacho kinaweza kutengwa kabisa na ruta.

Ukimpigia mtoa huduma, mweleze taa zipi zinawaka kwenye kifaa kipi. Maelezo hayo humfaa fundi kuliko kusema tu kwamba mtandao unasumbua.

Intaneti na wavuti zinatofautianaje?

Intaneti ni mitandao mingi iliyounganishwa na kukubaliana juu ya kanuni moja ya kusafirisha data. Msingi wa kanuni hizo, TCP/IP, uliwekwa na Vint Cerf na Bob Kahn katika miaka ya 1970, na tarehe 1 Januari 1983 mtandao wa ARPANET wa Marekani, mtangulizi wa intaneti, ulihamia rasmi kwenye kanuni hizo. Wavuti ni huduma mojawapo inayosafiri juu ya intaneti: kurasa zilizounganishwa kwa viungo, zinazosomwa kwa kivinjari. Tim Berners-Lee aliipendekeza mwaka 1989 akiwa CERN, kituo cha utafiti wa fizikia nchini Uswisi. Barua pepe, simu za video na masasisho ya programu hutumia intaneti, na si lazima yapite kwenye wavuti.

Nimelipia megabiti 40 kwa sekunde. Mbona kupakua kunaonyesha 5 tu?

Hujaibiwa. Ni vipimo viwili tofauti. Biti ndiyo chembe ndogo kuliko zote za habari, 0 au 1. Neno hilo lilichapishwa na Claude Shannon mwaka 1948, naye akasema amelipata kwa John Tukey. Baiti ni biti 8 zilizowekwa pamoja. Watoa huduma hutangaza kasi kwa megabiti, ilhali kompyuta huonyesha ukubwa wa mafaili kwa megabaiti. Kwa kifupi, b ndogo ni biti na B kubwa ni baiti. Gawanya 40 kwa 8, unapata megabaiti 5 kwa sekunde.

Hesabu hii ina faida kila siku. Faili la gigabaiti 1.5, yaani megabaiti 1,500, kwa kasi hiyo litachukua sekunde 300, sawa na dakika 5. Uhalisia huwa mrefu kidogo kuliko hapo, kwa sababu sehemu ya njia hutumiwa na anwani za pakiti, majibu ya kuthibitisha kwamba zimefika, na kurudiwa kwa zilizopotea. Kwenye Wi-Fi pengo huwa kubwa zaidi. Namba iliyochapishwa kwenye boksi la ruta ni kasi ya redio katika hali bora kabisa, na mara nyingi watengenezaji hujumlisha kasi za redio zote zilizomo, ingawa simu moja kwa kawaida hutumia redio moja kwa wakati mmoja. Kwangu mimi hiyo ni namba ya kuuzia. Kinachopaswa kukushughulisha ni kasi unayoipima ukiwa pale unapofanyia kazi.

Fumbo la diski nalo liko karibu na hapo. Unanunua diski ya terabaiti 1, Windows inakuonyesha gigabaiti 931. Hakuna kilichopungua: mtengenezaji anahesabu kwa 1,000, Windows inahesabu kwa 1,024, na tofauti hiyo huongezeka kila unapopanda ngazi kutoka kilobaiti hadi terabaiti.

RAM na hifadhi ya diski ni kumbukumbu ileile?

Hapana. Hifadhi, iwe diski ya kuzunguka au SSD isiyo na kitu kinachozunguka, hutunza picha, nyaraka na programu hata umeme ukizimwa. RAM ni sehemu ya kazi ya sasa hivi: programu ikifunguliwa hunakiliwa kutoka kwenye diski kwenda kwenye RAM, na kompyuta ikizimwa yote yaliyomo hufutika. RAM ikijaa, kompyuta huanza kuhamishia baadhi ya kazi kwenye diski, ambayo ni ya polepole mno ikilinganishwa na RAM. Hapo ndipo kompyuta inapoganda ukiwa umefungua kurasa nyingi za kivinjari.

Kwa hiyo kufuta picha hakuongezi RAM, na kuongeza RAM hakukupi nafasi ya picha. Prosesa ni kitu cha tatu: ndiyo inayotekeleza hesabu zote. Kabla ya kulaumu mtandao kwa uzito wa kompyuta, fungua programu isiyohitaji intaneti kabisa, kwa mfano ya kuandikia nyaraka. Ikiwa nayo inakokota, intaneti haina kosa.

Anwani ya IP ni nini, na mbona nyingi huanza na 192.168?

Ni namba inayowekwa kwenye kila pakiti ya data ili ijulikane inatoka wapi na inakwenda wapi. Toleo la zamani, IPv4, lina biti 32, kwa hiyo anwani zote zinazowezekana ni takriban bilioni 4.3. Hazikutosha. Akiba kuu ya dunia iliyokuwa ikigawiwa kwa kanda mbalimbali ilimalizika Februari 2011. IPv6 ina biti 128, wingi usio na hatari ya kwisha, lakini dunia bado inatumia matoleo yote mawili sambamba.

Uhaba huo ndio ulioleta anwani zinazoanza na 192.168 au 10. Hizo zimetengwa kwa mitandao ya ndani tu, na mtu yeyote anaweza kuzitumia bila kuomba ruhusa. Ndiyo maana kompyuta nyingi sana duniani zina 192.168.1.2 bila kugongana. Hazitambuliki nje. Ruta hupokea pakiti zenu za ndani, huzivisha anwani yake ya nje, na jibu likirudi hukumbuka ni kifaa gani kilichouliza. Kazi hiyo inaitwa NAT. Kutokana nayo, tovuti huona vifaa vyote vya ndani vikiwa na anwani moja ya IPv4.

Anwani za ndani hugawiwa na ruta yenyewe kwa utaratibu unaoitwa DHCP, tena kwa muda maalumu. Ukitazama mipangilio ya kompyuta ukakuta anwani inayoanza na 169.254, hiyo ni dalili nzuri ya kujua: kompyuta iliomba anwani, haikujibiwa, ikajipa yenyewe. Tatizo basi liko kati yake na ruta, na kumpigia mtoa huduma ni kupoteza muda.

Na anwani ya MAC?

Hiyo ni namba ya biti 48 ya kadi ya mtandao, iliyoandikwa kwa tarakimu na herufi A hadi F, jumla 12. Hutumika ndani ya mtandao wako pekee na haivuki ruta. Zamani ilibaki ileile maisha yote ya kifaa, ikawa rahisi kumfuatilia mtu kila Wi-Fi aliyopita. Simu za miaka ya karibuni hujipa anwani ya kubahatisha kwa kila mtandao, na ni vizuri kuacha mpangilio huo ukiwa umewashwa.

DNS inafanya kazi gani?

Hutafsiri jina la tovuti kuwa anwani ya IP. Mwanzoni majina yote yalikuwa kwenye faili moja, na kila kompyuta ilipaswa kuwa na nakala yake. Mtandao ulipokua, faili hilo likashindwa kwenda na mabadiliko, na mwaka 1983 Paul Mockapetris akabuni mfumo wa DNS ambao umegawanya kazi hiyo kwa seva nyingi.

DNS ikikwama, utaona jambo la ajabu: programu fulani ya ujumbe inafanya kazi, lakini tovuti hazifunguki, na kivinjari kinasema jina halikupatikana. Unaweza kuweka kwenye mipangilio DNS ya umma kama 8.8.8.8 ya Google au 1.1.1.1 ya Cloudflare ukaona kama tatizo limeondoka. Elewa tu kwamba mwenye seva ya DNS anaona majina ya tovuti unazoziuliza, kwa hiyo chagua unayemwamini.

Wi-Fi inasafirishaje data bila waya?

Kwa mawimbi ya redio, ndugu wa yale yanayoleta matangazo, ila masafa yake ni ya juu zaidi na nguvu yake ni ndogo sana. Mizizi yake iko mbali. Mwaka 1971, Norman Abramson na wenzake wa Chuo Kikuu cha Hawaii waliwasha ALOHAnet, mtandao uliounganisha visiwa kwa redio. Walikutana na tatizo lililo nasi hadi leo: vifaa vingi vinatumia masafa yaleyale, viwili vikirusha kwa pamoja, ujumbe wote unavurugika. Suluhisho lao lilikuwa rahisi na la akili sana. Kama hukupata jibu la kuthibitisha, subiri muda wa kubahatisha, kisha rudia.

Wi-Fi imeongeza adabu moja: kusikiliza kwanza kabla ya kurusha. Ni kama baraza lenye watu wengi, ambapo mmoja akisema wengine hunyamaza kungoja zamu. Katika chaneli moja, yaani kipande kimoja cha masafa, kwa kawaida kifaa kimoja tu ndicho kinachorusha kwa wakati mmoja, na hili ndilo jambo ambalo watumiaji wengi hawajawahi kuambiwa. Kasi ya ruta haigawanywi kwa data peke yake, inagawanywa kwa muda wa hewani. Simu iliyo mbali, inayosikika kwa shida, hulazimika kusema polepole, hivyo hushika zamu muda mrefu na kuwachelewesha walio karibu na ruta. Ruta ya jirani iliyo kwenye chaneli yako nayo imo katika foleni hiyohiyo, hata kama hamjuani na hamtumii nenosiri moja.

Ndiyo maana kebo bado ina thamani. Televisheni na kompyuta ya mezani hazitembei. Ukizichomekea kebo, umeviachia nafasi ya hewani vifaa visivyoweza kutumia kebo.

Nichague 2.4 au 5 gigahezi?

Hizo ni bendi mbili za masafa. Wimbi la 2.4 lina urefu wa takriban sentimita 12.5, na la 5 takriban sentimita 6. Bendi ya 5 hudhoofika haraka zaidi ikipita kwenye kuta, kwa hiyo haifiki mbali, lakini ina nafasi kubwa zaidi na chaneli nyingi. Bendi ya 2.4 hupenya vizuri zaidi lakini imejaa watu. Chaneli zake zimepangwa kwa karibu mno kiasi kwamba zinaingiliana. Zilizo huru kweli ni 3 tu, yaani 1, 6 na 11. Humohumo kuna Bluetooth na vipanya visivyo na waya, na hata oveni ya mikrowevu hufanya kazi karibu na gigahezi 2.45. Kama Wi-Fi hukatakata kila chakula kinapopashwa moto, sababu yaweza kuwa hiyo.

Ushauri wangu: ukiwa chumba kimoja na ruta au chumba cha pili, tumia 5. Mbali zaidi, tumia 2.4. Na mtu akikushauri uiweke ruta kwenye chaneli 3 au 4 kwa kuwa haina mtu, usimfuate. Ukiwa katikati ya 1 na 6 utasumbuliwa na pande zote mbili, nawe utazisumbua zote mbili. Vifaa vipya vyenye Wi-Fi 6E na kuendelea huongeza bendi ya 6, ambayo bado ina utulivu.

Wi-Fi 4, 5, 6, 7: namba hizi ni za nini?

Ni vizazi vya kiwango kinachoitwa 802.11, kinachotungwa na IEEE, taasisi ya wahandisi. Toleo la kwanza la mwaka 1997 lilikuwa na kasi ya megabiti 2 kwa sekunde. La 802.11b la mwaka 1999 lilifika 11. Majina yakawa herufi zinazochanganya, hadi mwaka 2018 Wi-Fi Alliance, umoja wa kampuni za Wi-Fi, ilipoanza kutumia namba: 802.11n ikawa Wi-Fi 4, ac ikawa 5, ax ikawa 6.

Vizazi hivi huelewana, lakini kwa kiwango cha aliye nyuma. Simu ya Wi-Fi 4 haitapata kasi ya Wi-Fi 6 kwa kuwa umenunua ruta mpya. Faida kubwa ya Wi-Fi 6 haiko kwenye kasi ya kifaa kimoja. Iko pale vifaa vinapokuwa vingi, kwani ruta inaweza kuhudumia kadhaa ndani ya zamu moja.

Kasi yangu ni nzuri, lakini simu za video zinachelewa. Kwa nini?

Kwa sababu kasi na ucheleweshaji ni mambo mawili. Kasi ni kiasi cha data kinachopita kwa sekunde. Ucheleweshaji ni muda ambao pakiti moja hutumia kufika, na hupimwa kwa milisekunde. ITU, shirika la mawasiliano la Umoja wa Mataifa, hupendekeza kwamba kwa mazungumzo ya sauti, muda wa kwenda upande mmoja usizidi milisekunde 150. Ukizidi sana, wazungumzaji huanza kukatizana.

Setilaiti za kizamani zinaonyesha jambo hili vizuri. Ziko kilomita 35,786 juu ya ikweta. Swali lako hupanda na kushuka, jibu nalo hupanda na kushuka, na hata kwa mwendo wa mwanga safari hizo nne hula karibu nusu sekunde. Unaweza kuwa na megabiti 100 na bado mazungumzo yakawa ya kusubiriana. Setilaiti za kizazi kipya huzunguka chini zaidi, mamia ya kilomita tu kutoka ardhini, na kasoro hiyo hupungua sana.

Sababu nyingine ya karibu ni foleni ndani ya ruta. Mtu mmoja akipakia video kubwa, pakiti za mazungumzo yako hukaa nyuma yake. Pima ucheleweshaji wakati hakuna anayetumia mtandao, kisha pima wakati wa upakiaji. Ukipanda kutoka 20 hadi 400, umeshapata jibu. Ruta nyingi zina mpangilio wa kutoa kipaumbele, unaoitwa QoS, nao husaidia kuliko kununua kasi zaidi.

Ruta iwekwe wapi?

Katikati ya eneo la matumizi, juu kuliko samani, mbali na chuma, vioo vikubwa na matangi ya maji. Kuiweka ndani ya kabati au nyuma ya televisheni ni kuizima nusu.

Programu za kupima mawimbi huonyesha namba hasi za dBm, kipimo cha nguvu ya mawimbi. Kadiri inavyokaribia sifuri ndivyo ilivyo bora: -50 ni nzuri sana, -70 inatosha kwa kazi nyingi, -80 ni ya kubabaika. Kila ukishuka kwa 3, nguvu inayokufikia imepungua nusu. Tembea vyumbani ukiangalia namba hiyo kabla ya kununua chochote.

Ikibidi kuongeza kifaa, fahamu kwamba ripita yenye redio moja husikia kila pakiti kisha kuirudia kwenye chaneli ileile, hivyo hula muda wa hewani mara mbili. Na ukiipachika mahali ambapo mawimbi ni mabovu, itarudia ubovu uleule. Iweke nusu ya njia, ambapo bado inaisikia ruta vizuri. Mfumo wa meshi, wenye vituo kadhaa vinavyofanya kazi kama Wi-Fi moja, huwa bora zaidi, hasa vituo vyake vikiunganishwa kwa kebo.

WEP, WPA, WPA2, WPA3: nichague ipi?

Hizi ni njia za kulinda Wi-Fi kwa nenosiri. Chagua WPA3 kama vifaa vyako vinaikubali, la sivyo WPA2 yenye AES, ambayo ni aina ya usimbaji. Nyingine zote ziache.

Tofauti yake ni ya msingi. Mawimbi hayaheshimu ukuta. Aliye nje anayapokea kama wewe. Kinachomzuia kuyasoma ni usimbaji fiche peke yake, yaani kuigeuza data isisomeke bila ufunguo. WEP ilikuja na kiwango cha kwanza mwaka 1997, na mwaka 2001 watafiti Fluhrer, Mantin na Shamir wakaonyesha kasoro kwenye namna ilivyotumia funguo zake. Leo huvunjwa kwa dakika chache hata nenosiri liwe refu kiasi gani. WPA ya mwaka 2003 ilikuwa ya kuziba pengo la dharura, WPA2 ikafuata mwaka 2004. Udhaifu wa WPA2 ni kwamba mtu anaweza kunasa salamu za kuunganishwa, akaenda nazo, akajaribu mamilioni ya maneno ya siri bila wewe kujua. WPA3 ya mwaka 2018 imeufunga mlango huo: kila jaribio lazima lipitie kwenye ruta yenyewe.

Kwa mwenye WPA2, basi, urefu wa nenosiri ndiyo kinga. Maneno manne au matano yasiyohusiana, yaliyoandikwa mfululizo, ni magumu kuvunja na ni mepesi kumsomea mgeni. Jina la mtoto na mwaka wa kuzaliwa havifai.

Badilisha pia nenosiri la kuingilia mipangilio ya ruta, ambalo ni tofauti na la Wi-Fi. Watu wengi huliacha kama lilivyotoka kiwandani, na orodha za maneno hayo ziko wazi kwa yeyote. Zima WPS ya tarakimu 8, njia ya kuunganisha kifaa kwa namba badala ya nenosiri, maana mwaka 2011 ilibainika kwamba ruta huikagua kwa vipande viwili, na hivyo majaribio yanayohitajika hayafiki hata 11,001. Sasisha programu ya ndani ya ruta.

Kuficha jina la Wi-Fi hakulindi kitu. Vifaa vyako vyenyewe hulitaja hewani vinapolitafuta. Kuruhusu anwani fulani za MAC pekee nako hakumzuii anayejua anachofanya, kwa kuwa anwani hizo hupita hewani bila kusimbwa na huigwa kirahisi.

Je, ni salama kutumia Wi-Fi ya hadharani?

Ni salama kuliko ilivyokuwa zamani, kwa sababu tovuti nyingi sasa hutumia HTTPS, inayosimba data kutoka kwenye kivinjari hadi kwenye seva. Mwenye Wi-Fi anaweza kuona ni tovuti gani umekwenda, lakini haoni ulichoandika humo. Hatari kubwa iliyobaki ni Wi-Fi bandia: yeyote anaweza kuipa ruta yake jina lolote. Kivinjari kikikuonya kwamba cheti cha tovuti hakiaminiki ukiwa kwenye Wi-Fi ya namna hiyo, usibonyeze kuendelea. Ondoka.

VPN husimba data yote hadi kwenye seva ya kampuni ya VPN. Inamficha mwenye Wi-Fi asione unachokifanya, lakini kampuni hiyo sasa ndiyo inayoona alichokuwa akikiona yeye. VPN ya bure isiyoeleza inapata wapi fedha zake haistahili imani hiyo.

Hotspoti na Bluetooth ni aina za Wi-Fi?

Hotspoti ndiyo: simu inafanya kazi ya ruta, ikipokea data kwa mnara na kuirusha kwa Wi-Fi. Weka nenosiri, na kumbuka kwamba kompyuta ikiona Wi-Fi inaweza kuanza kupakua masasisho na kumaliza bando lako. Iambie kwenye mipangilio kwamba mtandao huo unalipiwa kwa kiasi. Bluetooth ni mfumo mwingine, ulioanzia Ericsson mwaka 1994 kwa ajili ya vifaa vilivyo karibu. Aina yake ya kawaida huruka kati ya chaneli 79 ndogo, hadi mara 1,600 kwa sekunde, ndiyo maana inaweza kuishi pamoja na Wi-Fi kwenye bendi ya 2.4.

Kwa nini kuzima na kuwasha ruta husaidia?

Kwa sababu ruta ni kompyuta ndogo, yenye prosesa, RAM na programu zake. Ikifanya kazi wiki nyingi, jedwali la NAT linaweza kujaa, programu ikashikilia RAM isiyoihitaji, au makubaliano yake na mtoa huduma yakapitwa na wakati. Ukiizima, RAM hufutika. Ikiwaka huomba anwani upya na mara nyingi huchagua upya chaneli yenye msongamano mdogo. Ichomoe kwenye umeme, subiri kama nusu dakika, ichomeke, kisha ipe dakika chache kabla ya kuijaribu. Usibonyeze kitufe kidogo cha kurejesha mipangilio ya kiwandani, maana kitafuta jina, nenosiri na kila ulichopanga.

Ikibidi ufanye hivyo kila siku, angalia kwanza kama ruta inapata joto kupita kiasi, kisha kama adapta yake ya umeme ni ile iliyokuja nayo na volti zake zinalingana na zilizoandikwa kwenye ruta. Mtengenezaji akiwa ameacha kutoa masasisho ya toleo hilo, ni wakati wa kuibadilisha.